Chumba cha Bi Yolande Mteremkoni

Krr, krr, krr, kisha kimya, kisha krr tena. Hiyo ndiyo sauti ambayo Bi Yolande Santucci aliikumbuka kuliko sauti zote alizowahi kuzisikia maishani: magurudumu ya sanduku la msafiri yakipanda Mteremko wa Wasuka Kamba, jiwe baada ya jiwe, yakinyamaza kila penye ngazi, yakiendelea tena panaposawazika. Aliisikia akiwa jikoni kwake ghorofa ya pili, mikono ikiwa kwenye unga, na kabla mgeni hajafika mlangoni kwa fundi viatu alikuwa amekwisha kumjua. Sanduku linalonyamaza mara nyingi lilikuwa la mzee, au la mtu aliyebeba viatu vingi kuliko miguu yake. Masanduku mawili yanayokokotwa kwa hasira, moja mbele na jingine nyuma sana, yalikuwa ya mume na mke waliogombana tangu stesheni. Hao aliwawekea kahawa jikoni kabla hawajabisha hodi.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, ghorofa ya tatu, chini ya vigae. Mumewe Anselme, aliyepaka rangi meli maisha yake yote, alikitumia kuwekea makopo na ngazi. Alipofariki, Bi Yolande alikaa mwaka mzima akisikiliza chumba kile kikiwa tupu juu ya kichwa chake. Kisha akatoa makopo, akasugua sakafu kwa sabuni ya kipande mpaka mbao zikakumbuka rangi yake, akaweka kitanda kipana na shuka nyeupe, akaandikisha nyumba miongoni mwa zile zinazopokea wageni. Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu hapo nusu ya dunia ilipita kwenye meza yake ya jikoni.

Watu wakija Marseille huja na hofu mfukoni. Wameambiwa na shemeji, wameambiwa na televisheni, na wakishuka kwenye garimoshi wanakumbatia mikoba yao kama watoto wachanga. Bi Yolande hakuwacheka kwa hilo. Mgeni akishaweka mizigo, alimketisha, akamsukumia sahani ya biskuti zenye harufu ya maua ya mchungwa, akachukua penseli na karatasi iliyofungiwa mkate, akachora. Hapa ndipo ulipo. Hapa ndipo Bandari ya Zamani. Ukipotea, teremka, maji hayajui kupanda mlima, utayakuta palepale. Mkoba uvae upande wa ukuta, si upande wa barabara. Simu isilale juu ya meza ya mkahawa hata dakika moja. Kama una gari la kukodi, usiache kitu ndani, hata mwavuli, hata koti bovu, kwa sababu mwizi hajui kuwa ni bovu mpaka avunje kioo. Kutoka stesheni shuka ngazi kubwa, fuata barabara pana yenye maduka. Usifuate njia ya mkato hata simu yako ikikubembeleza. Ukichelewa kurudi, nipigie.

Na mgeni akitoka, Bi Yolande alisimama dirishani mpaka amwone anakata kona. Wengi hawakujua. Waliojua ni sisi wa mteremkoni, tuliozoea kuona kile kichwa cheupe kati ya mbao mbili za dirisha, kikigeuka polepole kama saa.

Lakini lazima niseme jambo moja kuhusu mazungumzo ya kwetu, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mteremkoni kwetu, anayesema jambo kama lilivyo huonekana bahili. Ukimwuliza mtu kama jana kulikuwa na upepo, hawezi kukujibu ndiyo. Atakwambia upepo ulimchukua paka wa mwokaji mikate, na asubuhi paka amepiga simu kutoka Korsika. Nawe msikilizaji una kazi yako. Hupaswi kukataa. Unatakiwa kuongeza: kwamba ni kweli, na paka huyo amelalamikia bei ya samaki wa huko. Mkishacheka wote wawili, ndipo ukweli mdogo huletwa, taratibu, kama kahawa baada ya chakula. Mjini mwetu huu ni ustaarabu. Mtu asiyejua mchezo huu humeza maneno mazimamazima, pamoja na miiba.

Bingwa wa mteremko alikuwa Bi Yolande, na mshindani wake alikuwa Garabed, fundi viatu mwenye kibanda mkabala na mlango wake. Garabed ni mjukuu wa Waarmenia waliotua bandarini na vyombo vya kushonea ngozi basi, na yeye amezaliwa papo hapo kibandani, au ndivyo asemavyo. Kila asubuhi walianza kazi kwa kutukanana, mmoja juu dirishani, mmoja chini na misumari mdomoni. Bi Yolande alikuwa akimwuliza viatu vyake viko wapi, maana alimpa akiwa bado msichana.

"Viko tayari," Garabed alimjibu. "Ila namtafuta huyo msichana wa kuvivaa, simwoni."

Basi mwezi wa Aprili wakaja mume na mke kutoka Ubelgiji, Bwana na Bibi Verhaegen. Watu wapole, miwani yao imefungwa uzi, wamelipia siku nne. Walifika jioni wamechoka, wakalala. Asubuhi, Bibi Verhaegen alipokuwa akipaka jamu ya tini kwenye mkate, mumewe alikohoa kidogo akauliza kama mtaa huu ni salama. Kwa bahati mbaya Garabed alikuwa mlangoni, ameleta ndara ya bibi huyo iliyokatika kamba kwenye ngazi.

"Salama?" akasema Bi Yolande. "Mwanangu, mimi hulala na kikaango cha chuma. Watatu nimekwisha kuwalaza."

"Wanne," akasema Garabed. "Umemsahau yule wa Pasaka."

"Yule wa Pasaka hakuwa mwizi, alikuwa padri. Alikuja kubariki nyumba bila kubisha hodi."

"Ndiyo maana mwaka huu hatukubarikiwa."

"Wanapanda mpaka ngazini hapa," akaendelea Bi Yolande, macho yakimng'aa, akimgeukia mgeni ili ampe nafasi ya kuongeza chake. "Lakini wana adabu. Wakikuta umefunga mlango, wanarudi siku ya pili."

Akangoja. Hiyo ilikuwa zamu ya Mbelgiji. Alitakiwa aseme kwamba kwao wameiba kanisa zima na kuacha kengele ikining'inia hewani. Hapo wangecheka wote, na penseli ingetoka kwenye droo. Lakini Bwana Verhaegen alitazama sahani yake, na mkewe akaacha kutafuna. Walishukuru kwa mkate. Wakapanda juu. Baada ya nusu saa masanduku yaliteremka, na Bi Yolande, aliyekuwa na penseli mkononi, alidhani wameitwa nyumbani kwa msiba.

Juma lililofuata maneno yao yalitokea mtandaoni, kwenye ukurasa wa nyumba yake, chini ya picha ya kitanda. Waliandika kwamba chumba ni kisafi na mkate ni mzuri. Lakini mwenye nyumba mwenyewe, mama mtu mzima, amekiri kwamba wezi huingia mpaka kwenye ngazi za nyumba, na kwamba yeye hulala na kikaango cha chuma kama silaha. Wao waliondoka baada ya usiku mmoja. Hawawashauri wenye watoto, wala wanawake wanaosafiri peke yao.

Hawakusema uongo. Hilo ndilo lililomchoma. Kila neno lilikuwa lake.

Angenyamaza, huenda maneno yale yangezama chini ya maneno ya wageni wengine. Lakini Garabed alipanda na chupa ndogo ya mvinyo wa anisi, wakakaa mezani na kile kibao cha kioo cha kuingilia mtandaoni, ambacho Bi Yolande aliletewa na binti yake Krismasi, wakatunga jibu. Waliandika kwamba Bwana Verhaegen asiwe na wasiwasi, Bi Yolande anawafahamu wezi wote wa mtaa kwa majina, wawili aliwasimamia ubatizo, na mmoja ndiye aliyempokea sanduku alipofika. Walicheka mpaka Garabed akashika ubavu. Wakabonyeza kitufe.

Mei, simu ililia mara tatu. Mmoja aliuliza kama kuna mlinzi. Mmoja aliuliza kama yule mbeba mizigo amekamatwa. Wa tatu alisikiliza sauti yake kidogo, akakata. Juni haikulia.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, wakaishia hapo. Hawakutwambia mgeni asipokuja mwenyeji huwaje. Sisi tuliona. Kwanza Bi Yolande aliacha kununua mkate mrefu, akawa ananunua nusu; mwokaji akamkatia bila kuuliza, na nusu nyingine ikabaki rafuni mpaka jioni. Kisha akaacha kuketi mezani. Alikula amesimama kwenye beseni la vyombo, akitazama ukutani, kwa sababu meza ya watu sita ukikaa mmoja inakuwa kama inakuhoji. Alikuwa na bakuli mbili za kahawa za rangi ya bluu. Siku moja aliamka, akazitoa zote mbili kwa mazoea, akazijaza zote mbili, akakaa nazo. Akainywa yake. Ile nyingine akaitazama mpaka ikashika utando juu, kisha akaimwagia mmea wa mrihani dirishani.

Usiku alikuwa anausikia ukimya wa ghorofa ya tatu, uleule wa mwaka aliokufa Anselme. Akaanza kuacha redio ikisema peke yake jikoni, kwa sauti ndogo, ili apande kitandani akiwa ameacha watu nyuma yake.

Binti yake, Régine, anakaa Grenoble, kule milimani, kwenye mji wa watu wasemao jambo kama lilivyo na kisha wakaenda kulala. Hupiga simu kila Jumapili baada ya chakula. Majira hayo yote Bi Yolande alimwambia kwamba wageni wamejaa, kwamba amewalaza wawili bafuni na mmoja juu ya paa, na wa paani anataka shuka ya pili. Lakini Régine alizaliwa mteremkoni. Tangu utoto anajua kugawanya maneno ya mama yake kwa kumi. Safari hii aligawanya akapata sifuri. Akafungua ule ukurasa, akasoma.

Mwezi wa Agosti akashuka mwenyewe, akakaa siku tatu, akaona. Hakugomba. Alisema chumba kipo Grenoble, ghorofa ya chini, hakuna ngazi, kuna bustani. Mama yake akasema bustani ni mahali pazuri pa kuzikia paka. Régine akashusha kikombe.

"Mama, acha. Nakuuliza mimi mwanao. Nani anakuona, siku ukianguka?"

Jibu lolote la Bi Yolande, Régine angeligawanya. Basi wakapatana, na walipeana mikono juu ya meza ile, kama watu wanaouziana mashua. Akilala mgeni hata mmoja katika chumba cha juu kabla ya Siku ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, Bi Yolande atabaki nyumbani kwake, na Régine hatalitaja jambo hilo mpaka kiangazi kijacho. Asipolala hata mmoja, basi siku hiyo, wakishaweka maua kaburini kwa Anselme, watapanda gari pamoja kwenda Grenoble, na nyumba itafungwa.

Septemba ikaja na anga safi na bandari imejaa watu, na hakuna aliyepanda mteremko wetu isipokuwa kupiga picha za nguo.

Maana nguo zilikuwepo. Kwetu kamba ya nguo huvuka barabara kutoka dirisha hadi dirisha, na ndiyo gazeti la mtaa. Nepi zikitokea, tunajua. Ovaroli ikitoweka kwa juma zima, tunajua mtu amefukuzwa kazi. Mashuka ya Bi Yolande yalikuwa habari njema miaka yote: shuka mbili, foronya mbili, taulo mbili, maana yake mgeni ameondoka na mwingine anakuja. Sasa, katikati ya Septemba, mashuka yakarudi kambani. Jumatatu mawili, Alhamisi mawili. Tukafurahi. Mwokaji alimwekea mkate mzima, naye akaulipia, akaubeba.

Garabed ndiye aliyegundua, kwa kuwa yeye hukaa chini ya kamba ile siku nzima. Shuka alilolalia mtu, alisema, huwa na mikunjo hata likifuliwa. Halinyooki sawasawa mpaka lipigwe pasi. Haya yaliyokuwa yakining'inia hayakuwa yamelaliwa na mtu. Yalitoka kabatini yakiwa yamekunjwa na pasi yake, yakatiwa majini, yakaanikwa. Alikuwa anafua mashuka safi.

Asubuhi Bi Yolande alipofungua dirisha, Garabed alimpigia kelele kama kawaida, akamwuliza hao wageni wake wana jasho gani la kufuliwa mara mbili kwa juma. Bi Yolande akajibu kwamba ni Warusi, wamekuja na dubu. Garabed akasema ndiyo, amemwona, dubu huyo amemletea buti nne kushona soli. Akainama juu ya kiatu. Aligonga msumari mmoja muda mrefu sana, na ulikuwa umekwisha kuingia zamani.

Oktoba, upepo wa kaskazini ulishuka ukapiga siku tisa. Mteremko ulikuwa mtupu, mifuko ya karatasi tu ndiyo ilipanda. Bi Yolande alianza kutoa vitu kwenye makabati na kuvirudisha. Aliifunga picha ya Anselme ndani ya kitambaa cha pamba cha jikoni, akaifungua. Tarehe ishirini na tisa aliteremka kununua maua ya kaburini, akayaweka kwenye ndoo chini ya ngazi, palipo na baridi, yasichanue kabla ya siku.

Alasiri ya siku hiyo mwanamke alisimama mbele ya kibanda cha Garabed. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mrefu, koti la mvua la watu wa pwani ya magharibi, begi mgongoni. Jina lake Maud Lescop, kutoka Brest, ingawa hilo tulilijua baadaye. Aliuliza anapokaa yule mama mwenye kikaango.

Garabed alikuwa na misumari sita mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja, akaipanga juu ya paja. Tuliokuwa mlangoni kwa mwokaji tulingoja tusikie ataanzia wapi.

"Anakaa pale," akasema. "Ni mtu mzuri."

Hayo tu. Alipomwona mgeni ameingia mlangoni, alifunga kibanda chake, na ilikuwa bado saa tisa na nusu.

Maud alibisha. Bi Yolande hakuwa amesikia mtu akipanda, akafungua akiwa na kitambaa cha vyombo begani. Mgeni hakuingia mara moja. Alisema, kwa adabu, kwamba amesoma maneno ya Wabelgiji na amesoma jibu. Hakujua aamini lipi. Kaka yake amelazwa hospitalini mjini, anapasuliwa kesho, na daktari amesema atalala huko majuma matatu. Yeye atakuwa akitoka hospitalini kila jioni, peke yake, baada ya giza kuingia. Anataka mahali pa kulala. Hajaamua. Begi lilikuwa bado mgongoni.

Bi Yolande akamketisha. Akaleta biskuti. Na pale pale, anasema mwenyewe, yalimpanda kooni yote: wezi wa ubatizo, dubu, padri wa Pasaka. Yalikuwa matamu na yalikuwa tayari. Akayameza. Alisimama kwanza, akazima redio, akarudi.

Kusema jambo kama lilivyo kulimwia vigumu, kama mtu anayetembea kwa mara ya kwanza bila fimbo. Kila neno alilitazama kabla ya kulikanyaga. Alisema kwamba katika miaka kumi na tisa wageni wake wameibiwa mara nne. Simu moja, juu ya meza ya mkahawa bandarini. Begi moja, kwenye kiti cha gari la kukodi. Pochi moja, kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi, wakati wa msongamano. Na mkufu mmoja, shingoni, kwenye njia ya mkato ya stesheni, na huyo alisukumwa akaumia goti. Alimsafisha goti hilo jikoni hapa. Ndani ya nyumba hii hakijapotea kitu. Lakini kufuli la mlango wa chini ni la zamani, na taa ya kona ya pili imekufa tangu Septemba, amewapigia manispaa mara mbili. Kikaango kipo, na hukaangia chapati ndogo za unga wa dengu.

Maud alisikiliza mikono ikiwa magotini. Hakuandika.

"Nikuulize, mama," akasema. "Ningekuwa binti yako. Natoka pale hospitalini kila jioni, saa mbili, nimechoka, simjui mtu. Ungeniambia nilale wapi?"

Maua yalikuwa ndooni chini ya ngazi. Siku zilikuwa zimebaki mbili, na katika siku hizo mbili hakuna mwingine aliyekuwa anakuja. Bi Yolande alichukua penseli, akavuta karatasi ya mkate, akachora bandari, akachora mteremko, akachora hospitali mbali kule upande wa pili, na katikati yake mstari mrefu wa tramu na mwendo wa mguu. Aliutazama mstari ule. Kisha akaweka alama ndogo karibu na hospitali.

"Hapa," akasema. "Kuna hoteli hapa, mlango kwa mlango na hospitali. Wana mlinzi, wana taa. Hutatembea hata hatua mia. Ningekwambia ulale hapa."

Akamsogezea ile karatasi, akaondoa mkono.

Upepo ulitikisa mbao za dirisha. Maud aliigeuza karatasi ili aione vizuri, akaweka kidole juu ya alama ile, akaitikia kidogo kwa kichwa kama mtu aliyemwona anayemfahamu.

Alisema hoteli hiyo anaijua. Amelala hapo siku mbili. Ni kweli, taa ni nyingi. Mlango unafunguka kwa kadi, kahawa inatoka kwenye mashine, na ukishuka asubuhi kadi nyingine inakwambia safari njema. Jana usiku, baada ya daktari kumweleza yote, alikaa kitandani na koti lake mwilini mpaka saa saba, akasikia jinsi taa ya korido inavyojizima yenyewe ikiona hakuna anayepita.

"Siku mbili hakuna aliyeniuliza kama nimekula," akasema.

"Umekula?"

"Sijala."

Bi Yolande akainuka. Kulikuwa na supu ya kunde na mrihani, ya mtu mmoja, akaongeza maji na kiazi na chumvi, akakata mkate wote uliokuwepo. Wakati chungu kinachemka, Maud alivua begi, akaliegemeza kwenye ukuta, akauliza kama anaweza kukaa majuma yote matatu. Bi Yolande alisema anaweza. Alisema akiwa amempa mgongo, akikoroga. Akasema kila jioni akishuka kwenye tramu apige simu mara moja tu, asingoje kujibiwa, naye atasimama dirishani mpaka amwone penye kona iliyokufa taa. Na kesho asubuhi atamwita fundi wa kufuli.

Wakala. Meza ile ya watu sita, wawili upande mmoja, kwa sababu upande wa pili unapita ubaridi wa dirisha. Maud alieleza habari za kaka yake, kwamba walipokuwa wadogo alimfundisha kuogelea kwa kumsukuma kutoka ukuta wa bandari, na hakumsamehe mpaka walipofika miaka ishirini. Bi Yolande alicheka. Hakuongeza kitu. Simu ililia mara moja. Alikuwa Régine, akiuliza Ijumaa ashuke saa ngapi. Bi Yolande alimwambia ashuke kwa maua tu, alete viatu vya kaburini, na aje na njaa kwa kuwa watakuwa watatu mezani. Huenda Régine alikuwa anagawanya. Kisha Maud akakohoa, na upande wa pili ukasikia, ukasema, haya, Mama.

Alikusanya mabakuli. Alichukua mashuka kabatini, yale yaliyofuliwa mara nyingi bila kulaliwa, akayabeba kifuani, akatangulia kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, mgeni nyuma yake na begi. Walipanda polepole, kwa sababu ya magoti. Katikati ya ngazi, pale penye kidirisha, alisimama kuvuta pumzi, na Maud akasimama naye. Kutoka hapo nyumba yote ilikuwa chini yao, vyumba vyake vyote vya giza.

"Miaka kumi na tisa," Maud akasema. "Peke yako humu. Wewe mwenyewe huogopi?"

Mashuka yalikuwa yamemfika kidevuni. Aliyashikilia vizuri zaidi, akatazama ngazi zilizobaki, akajibu kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo mtaa wetu haujawahi kuisikia.

"Naogopa, binti yangu. Kila jioni."